Jicho la kulia kwa mkono, la kushoto kwa mashine

Nina macho mawili kama watu wengi, ila yangu yametolewa mtoto wa jicho, yaani lenzi ya ndani iliyoingia ukungu, kwa njia mbili tofauti kabisa. La kulia lenzi ilitoka nzima nzima kwa mkono, la kushoto, miezi saba baadaye, ikasagwa humo humo ndani na mashine ikanyonywa. Daktari yule yule, meza ile ile. Kwa hiyo watu wakianza kubishana mbele yangu ipi ni ya kisasa na ipi imepitwa na wakati, huwa nawaacha kwanza wamalize, halafu nawaambia mimi ninazo zote mbili usoni, niulizeni.

Nilikuwa na miaka 56 nilipoanza kuchukia kuendesha gari usiku. Taa ya gari linalokuja haikuwa taa tena, ilikuwa inachanua, inamwagika kioo kizima, nikawa napunguza mwendo mpaka wa nyuma yangu wananipigia honi. Nikabadilisha miwani. Baada ya miezi minne nikabadilisha tena. Halafu kikatokea kitu kilichonidanganya vibaya sana, siku moja nikajikuta nasoma maandishi madogo ya kwenye boksi la dawa bila miwani, mimi ambaye miwani ya kusomea nimeibeba mfukoni zaidi ya miaka kumi! Nikatangaza nyumba nzima kwamba macho yamerudi ujanani. Kumbe kiini cha lenzi kikianza kuwa kigumu kinapinda mwanga zaidi ya kawaida, kwa hiyo mtu anageuka wa kuona karibu kwa muda, na mbali ndo kunazidi kuharibika. Madaktari wa macho wanaijua hii siku nyingi tu. Furaha yangu ilidumu kama mwaka hivi, halafu na karibu nako kukafifia.

Nikaenda kupimwa. Sitataja ni wapi, haina maana kuwaanika watu, ila yule aliyenipima aliniambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limetangulia, na akamalizia na maneno ambayo yamenigharimu: "Bado haijaiva, rudi ikishaiva." Mjomba wangu naye akaunga mkono, alishawahi kuambiwa hivyo hivyo zamani, kwake yeye mtoto wa jicho ni kama tunda, ukilichuma bichi umeharibu. Basi nikakaa nasubiri liive. Nikasubiri miaka mitatu.

Nisimame hapa kidogo maana hii "subiri iive" bado inazunguka sana na inatakiwa ieleweke ilikotoka, haikuwa ujinga. Lenzi ya jicho ni kitu kidogo, kipana kama milimita 9 au 10, kimekaa nyuma ya ile mboni nyeusi, ndani ya kifuko chembamba ajabu, sehemu ya nyuma ya kifuko hicho kuna mahali unene wake ni kama milimita 0.004 tu. Zamani daktari alikuwa anakata jicho nusu ya mzunguko wa konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, anatoa lenzi pamoja na kifuko chake chote, wengine walikuwa wanaigandisha kwa kifaa cha baridi kali ili inase kwenye ncha wavute nje. Baada ya hapo mgonjwa hana lenzi kabisa. Anapewa miwani minene kama kitako cha chupa, inakuza kila kitu, mlango unauona umekusogelea, unanyoosha mkono kushika kikombe unashika hewa. Sasa mtu ambaye bado anaona kidogo, kweli ungempeleka kwenye hayo? Ndo maana walikuwa wanasubiri mpaka asiwe na cha kupoteza. Kwa teknolojia ile ushauri ulikuwa sahihi kabisa.

Teknolojia ikabadilika ila ushauri ukabaki njiani. Siku hizi lenzi bandia inawekwa pale pale ilipotoka ya asili, kwa hiyo kigezo si kuiva tena, kigezo ni je, inakuzuia kufanya mambo yako? Na ukisubiri sana unajiongezea tatizo, maana kiini kinazidi kuwa kigumu na cheusi, kutoka njano kinaenda kahawia, na wengine inavimba inapandisha presha ya jicho, hapo sasa inakuwa dharura. Mi sikujua. Nilivyokuja kukutana na daktari aliyenifanyia, mtoto wangu wa kwanza ndiye aliyenikokota, jicho la kulia lilikuwa linaona mkono ukipungwa tu. Vidole siwezi kuhesabu.

Akanichunguza kwenye ile mashine ya kuweka kidevu, akapitisha mstari wa mwanga, akanyamaza, akasema, "Baba, hili la kulia limekuwa jiwe. Hili nitalitoa kwa mkono. La kushoto bado laini, hilo tutatumia mashine."

Nilichukia. Nasema ukweli, nilichukia. Nilikuwa nimeshasoma soma mitandaoni kuhusu fako, ndo hiyo ya mashine, mawimbi ya sauti, tundu la milimita mbili na kitu, unaingia asubuhi unatoka kabla ya mchana, nikaona kwa nini mimi nifanyiwe ya mkono kama vile sina hadhi ya mashine. Nikamuuliza wazi, dokta, ni suala la hela? Akacheka. Akachukua karatasi akachora jicho.

Alichonieleza ni hiki. Mashine ya fako ina kalamu yenye sindano ya tundu katikati, ncha inatetemeka kama mara 40,000 kwa sekunde, inapasua kiini na kukinyonya papo hapo huku maji yakiingia kulipooza na kulijaza jicho lisinywee. Kiini laini kinatoka kwa nguvu kidogo tu. Kiini kigumu kinataka nguvu nyingi kwa muda mrefu, na ile nguvu inatumika milimita chache tu kutoka kwenye konea, ambayo kwa ndani imetandikwa seli za safu moja zinazofanya kazi ya kusukuma maji nje ili konea ibaki angavu kama kioo. Seli hizo zikifa hazizaliwi tena, zilizobaki zinajitanua tu kuziba pengo. Ukiua nyingi konea inavimba na ukungu unaingia, umetoka kwenye mtoto wa jicho umeingia kwenye tatizo lingine gumu zaidi. "Wapo wenzangu wangelitoa hili kwa mashine wakatoka salama," akasema, "mimi kwa jiwe kama hili nauamini mkono wangu zaidi." Nikaipenda hiyo. Daktari anayekwambia anachokiamini na kwa nini, afadhali kuliko anayekwambia ni teknolojia ya kisasa akaishia hapo.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kufuatilia hii operesheni mpaka mke wangu akachoka. Na kitu nilichokuja kukiona ni kwamba historia yake nzima, karibu yote, ni ugomvi wa tundu. Litobolewe wapi, liwe kubwa kiasi gani, na litajifungaje.

Njia ya kale kabisa, ambayo maandishi ya Sushruta, tabibu wa kale kule India, yanaielezea, ilikuwa na tundu dogo kuliko zote: sindano tu. Inachomwa ubavuni mwa jicho, lenzi inasukumwa inaangukia ndani nyuma, basi. Haitolewi. Mgonjwa anaona mwanga papo hapo anashangilia, mwenye sindano anachukua chake anaondoka, na mara nyingi baada ya siku au wiki jicho linawaka moto, linaoza au presha inalimaliza. John Taylor, Mwingereza mmoja aliyekuwa anazunguka Ulaya akijitangaza, alimchoma hivyo mwanamuziki Bach mwaka 1750, Bach akapofuka na mwaka huo huo akafa. Na msidhani hii imeisha, mpaka leo kuna sehemu za Afrika Magharibi na kwingineko watu wanachomwa sindano hizi majumbani. Tundu dogo peke yake si sifa.

Mfaransa Jacques Daviel ndiye aliyegeuza mambo mwaka 1747, akaamua kulitoa lile jambo nje badala ya kulisukuma ndani. Akafungua konea kwa chini, akaitoa lenzi. Bila ganzi jamani! Ganzi ya matone ya jicho ilikuja 1884, Carl Koller kule Vienna na kokeini. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka mia watu walikaa kwenye kiti wakashikwa kichwa. Na lile tundu la Daviel lilikuwa kubwa na halina uzi, mgonjwa analazwa chali bila kutikisika siku nyingi likiombewa lishike.

Halafu Harold Ridley, huyu namheshimu sana. Wakati wa vita vya pili vya dunia aliwatibu marubani wa Uingereza walioingiwa na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege machoni, akaona ajabu, vipande vimekaa ndani na jicho limetulia tu, halikasiriki. Tarehe 29 Novemba 1949, hospitali ya St Thomas' London, akaweka lenzi ya plastiki ya aina hiyo kwenye jicho la mtu. Akakaa nayo kimya karibu miaka miwili kabla ya kutangaza, na alivyotangaza wakubwa wa fani wakamshambulia, kwamba anaweka uchafu ndani ya jicho. Miaka mingi alidharauliwa. Mwaka 2000, ana miaka 93, ndo Malkia akampa cheo cha Sir, na uzeeni mwenyewe alishawekewa lenzi za wazo lake. Mimi nikifikiria kwamba ninaona herufi hizi kwa sababu mtu mmoja aliangalia jicho la rubani akashangaa kwa nini halijavimba, huwa nakaa kimya kidogo.

Na Kelman. Charles Kelman, New York, yuko kwenye kiti cha daktari wa meno anasafishwa meno kwa kifaa kinachotetemeka, akawaza, hiki si kinaweza kuvunja lenzi? 1967 akafanya kwa mtu wa kwanza. Ilichukua masaa, si dakika. Alichokuwa anakitafuta ni kupunguza tundu, watu wasilazwe wiki nzima. Akafanikiwa, milimita 3. Sasa sikieni kichekesho: lenzi za plastiki wakati ule zilikuwa ngumu, upana milimita 6, kwa hiyo daktari anasaga lenzi kwa ufundi wote kupitia milimita 3, akimaliza analipanua tundu ili lenzi mpya ipite! Mpaka zilipokuja za kukunjika miaka ya themanini ndo tundu dogo likapata maana yake kamili.

Ndo tufike kwenye hii yangu ya mkono. Wenyewe wanaiita kwa kifupi SICS, upasuaji wa tundu dogo kwa mkono. Tundu lake ni milimita 6 au 7, mara mbili na zaidi ya lile la fako, na bado halishonwi. Hapo ndo akili yangu ilipogoma, nikamwomba dokta anionyeshe video, maana hadubini yao inarekodi, na baada ya wiki mbili akanionyesha jicho langu mwenyewe limejaa skrini nzima kama sahani.

Kwanza anainua kile kingozi cha juu kabisa kinachofunika sehemu nyeupe, anagusa vimishipa kwa kifaa cha moto visitoe damu. (Hii harufu niliisikia pale mezani, nikadhani kuna kitu kinaungua chumbani, nikauliza, nesi akasema tulia baba, ni kawaida.) Halafu kwenye nyeupe yenyewe, kama milimita 2 kutoka inapoanza konea, anakwaruza mstari uliopinda kama mdomo wa mtu aliyenuna, kina chake nusu tu ya unene wa ukuta. Haingii ndani. Anabadilisha kisu, anachukua chenye ncha ya duara, anaanza kuchimba ubavuni, ndani ya unene wa ukuta, kama unavyopasua kadibodi katikati ya tabaka zake, unaona kisu kinapita chini kinaonekana kwa kivuli, kinasonga polepole kulia kushoto mpaka kimeingia milimita moja na ushee kwenye konea. Ndo hapo tu, kwa kisu cha tatu, anachoma kuingia jichoni. Handaki, si tundu. Mlango wa nje uko kwenye nyeupe, mlango wa ndani uko kwenye konea, na wa ndani ni mpana kuliko wa nje.

Jicho lina presha yake. Likijaa, presha ile inakandamiza sakafu ya handaki ijibane na dari. Yaani kinachotaka kutoka ndicho kinachofunga mlango, kama vali ya mpira. Tundu lililokatwa moja kwa moja hata liwe nusu ya hili lingevuja, hili halivuji, urefu wa handaki ndo unafanya kazi ya uzi. Nilirudisha video hapo mara nne.

Kutoka hapo anajaza jeli nzito ya kulinda zile seli za konea, anapaka rangi ya bluu ili kifuko kionekane maana lenzi yenyewe ilikuwa nyeusi haionyeshi kitu, anachana uso wa kifuko kwa duara kama anafungua kopo, anapitisha maji kati ya kifuko na kiini mpaka kiini kinaachia, na kwa ncha ya kindoano anakizungusha, ukingo mmoja unachomoza kwenye mboni, halafu wa pili, kinapanda juu kama gurudumu linatoka shimoni. Hapo mboni yote imejaa kitu cha kahawia. Anapitisha chini yake kijiko chembamba chenye vitundu vya maji, maji yanasukuma, anakandamiza kidogo mdomo wa chini wa handaki, na kile kiini kinatoka taratibu, kinajibana, kinapita, kama kifungo kinavyopita kwenye tundu la shati. Anasafisha mabaki, anatelezesha lenzi mpya ya plastiki kwenye kifuko kile kile kilichobaki, anajaza maji, anagusa mdomo wa jeraha na kisponji kukagua. Kikavu. Dakika kumi na mbili kwa saa ya kwenye video.

Mimi kwa upande wangu mezani sikuona hata kimoja cha hivyo. Nilichomwa sindano ya ganzi pembeni ya jicho, hiyo ndo sehemu pekee ningeweza kuita maumivu, ni mkandamizo mzito kama mtu anakusukuma kidole gumba kwa ndani. Baada ya hapo jicho halina mwenyewe. Niliona mwanga, vivuli vinapita, mara kila kitu kikawa bluu (ile rangi), halafu kwa ghafla, kiini kilipotoka, mwanga ukawa mkali lakini hauna umbo lolote, kama kuangalia juu ukiwa chini ya maji. Nesi alikuwa amenishika mkono. Kazi yake ilikuwa kuminywa kama nataka kukohoa. Sikumminya ila jasho lilimtosha.

Kabla ya kunitoa dokta akasema, "Unataka kumuona mtoto wako?" Akaniwekea kwenye gozi mbele ya jicho la kushoto. Kidude cha kahawia iliyokolea, kimeng'aa, umbo la dengu, nilipokigonga na ukucha kililia tik. Hiki ndicho mtu alisema hakijaiva.

Asubuhi yake bandeji ikatolewa na mimi, mzima mwenye ndevu, nikaanza kusoma kwa sauti vibandiko vya ukutani kimoja kimoja mpaka "Tafadhali funga mlango". Lakini kilichonishika haswa ni rangi. Nilifunika jicho la kulia nikaangalia shuka kwa la kushoto: rangi ya chai. Nikabadilisha: nyeupe, ile yenye ubluu kwa mbali. Kushoto chai, kulia theluji. Nilikuwa nafanya hivyo siku nzima kama mtoto, na shati ambalo miaka mitatu nilijua ni jeusi kumbe ni la bluu iliyokolea. Mchoraji Claude Monet alifanyiwa jicho moja mwaka 1923 akalalamika sana kuhusu rangi, na yeye hakuwekewa lenzi yoyote, wakati ule haikuwepo. Namwelewa mzee. Ukiwa na macho mawili yanayobishana kuhusu nyeupe ni ipi, unajiuliza miaka yote ile nyingine ulikuwa unaangalia nini.

Kasoro? Zipo, nisiwapambie. Tundu la milimita 6 linalegeza konea kidogo upande mmoja, kwa hiyo jicho hili lina mkunjo kidogo, taa za mbali zina mkia mdogo wa kuelekea juu, miwani nyepesi inamaliza. Wiki ya kwanza nilihisi kama kuna mchanga. Na mwaka mmoja baadaye ukungu ulirudi, nikapata hofu kwamba mtoto amerudi, kumbe hawezi kurudi, ni seli zilizobaki zinatambaa kwenye ukuta wa nyuma wa kile kifuko, wakanipiga leza dakika tano nimekaa kwenye kiti, bila kisu, ikaisha. Hii inatokea kwa njia zote mbili, msiiwekee lawama ya mkono. Kosa lililokuwa langu kabisa ni matone, niliona jicho zuri siku ya kumi nikaacha dawa, siku ya kumi na tatu likawa jekundu linauma mwanga, nikarudi mbio nikasemwa kama mtoto wa shule. Na hapo niliponea, jicho lililofanyiwa upasuaji likianza kuuma kwa kuzidi au kuona kukipungua, unaenda siku ile ile, husubiri kesho, maana vijidudu vikiingia ndani vinahesabu masaa.

La kushoto sasa, la mashine. Hapa sina mengi kwa sababu lilikuwa rahisi mno, na urahisi hauna stori. Hakuna sindano, ganzi ya matone tu. Walishapima urefu wa jicho kwa mwanga (kosa la milimita moja tu hapo linakutupa karibu namba tatu za miwani, ndo maana wanarudia rudia kupima), wakachagua lenzi. Jicho likiwa macho kabisa unasikia mashine inaimba, ina sauti inayopanda ikivuta na kushuka ikiachia, na dokta alikuwa anaifuatisha kwa mguu kama mtu anayeendesha cherehani. Aliigawa lenzi vipande vinne, akavinyonya kimoja kimoja, na mimi nikaona mwanga unavunjika vunjika kama kivuli cha majani. Lenzi mpya iliingia imekunjwa ndani ya bomba, ikafunguka yenyewe polepole. Kesho yake jicho halina hata wekundu. Wiki ya pili lilikuwa mbele ya lilivyokuwa la kulia wiki ya sita.

Kwa hiyo fako ni bora? Kwa jicho lile, ndiyo, bila ubishi, na nikikuta mtu mwenye mtoto wa jicho laini na mashine ipo namwambia asisubiri. Lakini kuna utafiti wa Nepal uliotoka 2007, Sanduk Ruit na wenzake, ambamo wagonjwa 108 wenye mtoto wa jicho anayezuia kuona waligawanywa, nusu mkono nusu fako. Miezi sita baadaye asilimia 98 ya kila upande walikuwa wanaona vizuri kwa miwani. Ya mkono ilichukua wastani wa dakika 9, fako dakika 15 na nusu. Halafu ya mkono haihitaji ile mashine ghali, haihitaji umeme wa uhakika, inahitaji hadubini na mtu aliyefundishwa vizuri. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 94 wana shida ya kuona mbali kwa sababu ya mtoto wa jicho, na miongoni mwao wamo wenye jiwe kama langu la kulia, kwa kuwa wamesubiri, au hawana pa kwenda, au waliambiwa haijaiva. Hao ukiwaambia wasubiri mashine umewaambia wakae gizani. Mimi dharau yangu kwa neno "mkono" iliishia kwenye ile sekunde ya kisponji kikavu.

Watu huniuliza sana kama kuna matone ya kuyeyusha. Hakuna. Na wengine wanachanganya na kile kinyama kinachoota kwenye nyeupe ya jicho kinatambaa kuelekea katikati, wanakiita pia mtoto wa jicho, hicho ni kitu kingine na tiba yake nyingine, nenda kaangaliwe usijitibu kwa jina.

Siku ile ya kushoto, nikiwa bado nimelala, nilimkumbusha dokta kwamba nataka kumuona na huyu. Alishazoea. Akamwambia nesi, na nesi akainama chini ya mashine, akachomoa mfuko wa plastiki umejaa maji ya ukungu, akauinua kwenye taa, akautingisha.

"Huyu hapa, baba. Tafuta mwenyewe."